Wiki tatu kwenye mashua ya madaktari wa kujitolea, Vanuatu: nyota tatu na nusu

Kwanza hela, maana ndilo swali la kwanza la kila Mbongo niliyemsimulia. Kujitolea si bure. Tiketi ya Brisbane, huku Australia, mpaka Vanuatu nilijinunulia, bima nilijikatia, siku zilikatwa kwenye likizo yangu ya mwaka, na juu ya hapo nikachangia chakula na dizeli ya mashua. Kwa hela ile ningeezeka upya nyumba ya mama kule Kilindoni, Mafia, na mama mwenyewe hakuacha kunikumbusha kila nilipopiga simu.

Shirika silitaji. Ninayoyalalamikia hapa nimeyasikia pia kwa wenzangu waliokwenda na watu wengine, kwa hiyo ichukue hii kama tathmini ya huduma ya aina hii. Ukitaka jina, sitalitoa hata ukinifuata inboksi.

Mimi ni muuguzi mkunga, mzaliwa wa kisiwa cha Mafia. Nimekua nikiona mgonjwa wa kisiwa kidogo cha Jibondo anapakiwa mashuani apelekwe Kilindoni, na akishindikana hapo anasubiri bahari itulie avushwe mpaka Nyamisati, bara, ndipo atafutiwe gari la kumfikisha Dar. Kwa hiyo niliposoma kwenye tangazo lao "visiwa vya mbali visivyofikika" nilicheka kidogo. Mbali na nani? Watu wa pale wanafika kwao kila siku.

Vanuatu ni visiwa zaidi ya 80 huko Pasifiki, mashariki ya Australia. Sensa ya 2020 ilihesabu watu kama 300,000, wachache kuliko Temeke peke yake, ila lugha zao zinapita 100. Waingereza na Wafaransa waliitawala kwa ubia tangu 1906, kila mmoja na polisi wake, magereza yake na hospitali zake, mpaka uhuru ulipopatikana tarehe 30 Julai 1980. Kinachowaunganisha ni Kibislama, lugha iliyozaliwa kwa maneno ya Kiingereza na kuvikwa sarufi ya kwao. Mkunga wa Kiswahili anakishika haraka. "Sori" yao haina maana ya kuomba radhi tu, inafanya kazi ya pole yetu kabisa: mtu kajikwaa, sori, mtu kafiwa, sori tumas. Lakini kina mitego. Siku ya kwanza nikaambiwa anakuja "bubu", nikajipanga kwa mgonjwa asiyesema. Akaingia mzee anaongea bila kupumua. Bubu ni babu au bibi. Nilicheka peke yangu mpaka daktari akaniuliza kama niko sawa.

Tuliondoka Luganville, kwenye kisiwa cha Santo, Agosti 2023. Mashua ya matanga, mita 16, watu 12, choo kimoja cha kupampu kwa mkono. Wanakwenda miezi hiyo kwa sababu msimu wa vimbunga ni Novemba hadi Aprili, lakini wasikudanganye kwamba bahari inakuwa shwari. Upepo wa kusini-mashariki haupumziki, na sisi tulikuwa tunaukabili usoni. Nahodha alikuwa mtu makini na sina neno juu yake. Vitanda ni vifupi. Chakula cha mashuani kilikuwa nyama ya kopo, wali, nyama ya kopo tena. Mimi sikuigusa, nikala samaki. Nchi kavu ndiko nilikofaidi: majimbi, viazi vikuu, shelisheli la kuchoma, na laplap, ambayo ni majimbi au ndizi zilizokunwa, zikamwagiwa tui, zikafungwa kwa majani na kufukiwa chini ya mawe ya moto. Bibi yangu angeomba aongezwe.

Mtauliza habari ya dini, maana wenye mashua ni watu wa kanisa na mimi navaa hijabu. Walifanya ibada yao kila asubuhi, wakanikaribisha mara moja, nikashukuru, hawakurudia. Shida yangu ilikuwa kibla. Nilikitafuta kwa simu, nikatandika mswala juu ya deki, na mashua ikiwa nangani huzunguka na mkondo. Nimeanza rakaa ya kwanza naelekea Makka, nikitoa salamu naelekea Fiji. Mungu anajua nia.

Kilichonifungulia milango vijijini ni dira, lile gauni letu pana. Wanawake wa kule huvaa gauni pana la maua la kufika chini ya magoti, wenyewe wanaliita aelan dres, kumbukumbu ya wamisionari wa zamani, na dira langu la Kariakoo walilipokea kama binamu aliyepotea. Walinishika mkono, wakapima kitambaa kwa vidole, wakauliza bei. Wenzangu waliovaa kaptula zenye mifuko kumi hawakuulizwa chochote.

Sasa huduma yenyewe.

Bora kuliko vyote ni miwani ya kusomea. Nasema hivi mimi ambaye si mtu wa macho, niliwekwa meza hiyo kwa sababu msaidizi wa macho alikuwa anatapika. Kaskazini mwa Pentecost, kisiwa kirefu chembamba kama muhogo, akaja bibi mmoja kashikwa mkono na mjukuu. Hakuja kutibiwa, alikuja kutazama watu. Kwapani kabana mkeka ambao haujaisha. Mikeka ya huko inasukwa kwa majani ya mkadi, mkadi huuhuu ambao kwetu tunausifia ua lake la kunukia nywelani. Wala mikeka hiyo si pambo la sakafuni. Ndiyo mali. Harusi, msiba, fidia, vyote vinalipiwa mikeka, na iliyo mizuri hupakwa rangi nyekundu. Mmoja mkubwa wanauita, kwa lugha yao ya Kiraga, bwana. Sikuzui. Nilimuuliza mjukuu mara tatu. Bwana anakunjwa, bwana anahesabiwa, bwana analipwa kwa wakwe.

Nikamvika bibi miwani ya nguvu ya plasi moja na nusu, akatikisa kichwa. Plasi mbili na nusu, akanyamaza. Plasi tatu, akaudai mkeka wake. Akauvuta karibu, kidole kikaanza kutembea juu ya milia, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma kwa kufuatisha mstari. Kikasimama. Akasema neno, mjukuu akaangua kicheko na akakataa kunitafsiria. Kisha bibi akakaa chini palepale, mbele ya foleni, akaanza kufumua. Alifumua shibiri moja na nusu hivi, kazi ya siku kadhaa, maana aliliona kosa alilolifanya alipokuwa akisuka kwa kupapasa. Hakuaga. Alipomaliza kufumua aliondoka na miwani usoni, na mjukuu ndiye aliyekuwa anakimbia nyuma yake.

Miwani ile Brisbane haizidi bei ya vikombe viwili vya kahawa. Haihitaji kurudi kliniki mwezi ujao, haina madhara, haiishi mpaka ivunjike.

Meno nayo nayapa alama nzuri. Jino bovu likishang'olewa limekwisha, halikudai rufaa. Daktari wa meno alikuwa na kiti cha plastiki, taa ya kichwani, ganzi ya kutosha, na koleo zake zilichemshwa ndani ya presha kuka juu ya jiko la gesi. Kwenye kisiwa cha Ambrym tulikuta meno yenye madoa ya kahawia, wenzangu wakasema hawapigi mswaki. Hapo nilisimama. Nilisomea Arusha, meno yale nayajua kama sura ya jirani. Ni madini ya floridi. Arusha na Meru yanatoka kwenye maji ya ardhini. Ambrym ni moshi wa volkano unaoingia kwenye maji ya mvua, na mvua ndiyo inayojaza matangi yao. Mswaki hauondoi doa lile. Daktari aliandika kwenye karatasi yake, na kesho yake akawa anawaeleza wagonjwa kwa heshima zaidi. Ila siku ya tatu hakuonekana hadi saa nne asubuhi, kwa sababu usiku wake wazee walimkaribisha kava, kinywaji chao cha mizizi kinacholewesha, na yeye akadhani ni chai. Kava ya Pentecost si chai. Foleni ilisubiri juani, na akina mama wenye watoto mgongoni walijua kabisa ni kwa nini.

Ngozi nitaipitia upesi: upele mwingi, vidonda, na watoto wawili wenye buba. Ndiyo, buba, ile ya vidonda vya ngozi ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa sindano za zamani na ambayo wengi wenu mnaijua kama neno tu. Visiwa hivi bado inawasumbua. Siku hizi haitaki sindano: utafiti uliofanywa Papua New Guinea na kuchapishwa 2012 ulionyesha azithromaisini ya kumeza mara moja inatosha. Nilimpa mtoto vidonge vyake, akavimeza, tukamalizana. Kwa upande mwingine, matende na mabusha, ambayo Mafia na Pwani yote tunayajua kwa sura, wao walithibitishwa kuyatokomeza 2016, na trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, 2022. Hayo hayakufanywa na mashua za wageni. Yalifanywa na wauguzi wa palepale, kisiwa kwa kisiwa, mwaka hadi mwaka.

Nao ndio kiini cha malalamiko yangu.

Zahanati tuliyokaa siku nyingi zaidi ina nesi mmoja. Nitamwita Sista, kama tulivyoitana. Anazalisha, anachanja, anashona vidonda, anaandika rejesta kwa mwandiko wa kupendeza kuliko wa daktari yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Yeye ndiye aliyenifundisha malaria ya kwao. Mimi wa Mafia nimezoea aina ya falsiparumu. Kule inayotawala ni vivaksi, inayojificha kwenye ini na kumrudia mtu miezi baadaye, na dawa ya kuitoa mafichoni inaweza kuvunja damu ya mwenye upungufu wa kimeng'enya fulani cha kurithi. Alikuwa anaeleza huku anamfunga mtoto kitambaa, bila kuangalia kitabu.

Mtu wa namna hiyo, mashua yetu ilipotia nanga, alipewa kazi ya kupanga foleni.

Siku ya pili daktari wetu alimpima mzee mmoja presha, 190 kwa 110, akampa vidonge vya siku 30, vya aina ambayo haikuwamo kwenye rafu la Sista. Sista akaniuliza pembeni, sauti ya chini: "Siku ya 31 atakuja kwangu. Nimpe nini?" Nikalipeleka swali kwa daktari. Jibu likawa kwamba bora mwezi mmoja kuliko sifuri. Nimelifikiria sana jibu hilo na silikubali. Mwezi ule mzee atajisikia vizuri, ataamini kapona, vidonge vitaisha, presha itarudi palepale, na safari hii hatamsikiliza Sista akimwambia apunguze chumvi na nyama ya kopo, kwa sababu dawa ya wazungu ilishamponya. Mashua inarudi baada ya mwaka. Ikirudi. Kumuuliza Sista ana dawa gani kabla ya kuandika kungechukua dakika mbili.

La pili ni rekodi. Tuliandika kila kitu kwenye vishikwambi: jina, umri, presha, sukari, jino lililotoka. Vikajaa, vikafungwa kwenye mkoba usioingia maji, vikapanda mashua. Sista akabaki bila mstari mmoja wa watu wake mwenyewe. Nilipouliza nikaambiwa ripoti itatumwa wizarani. Basi usiku wa tatu nikaomba kishikwambi, nikakaa na Sista kwa taa ya sola, mimi nasoma, yeye anaandika kwenye rejesta yake. Majina 140 na ushei. Katikati ya kuandika alikuwa ananisahihisha: huyu hana miaka 60, huyu alizaliwa mwaka mmoja na kaka yangu, huyu na huyu ni mtu mmoja, kapanga foleni mara mbili apate miwani ya mkewe. Tulilala saa tisa usiku. Mpaka leo naihesabu kuwa kazi ya maana zaidi niliyofanya kule, na haikuwamo kwenye ratiba.

Na picha. Jamani picha. Kuna kijana alikuja na kamera tu. Alitaka mtoto alie ndipo apige. Nikamwomba kwanza akaombe ruhusa kwa mama, akasema ruhusa ya chifu inatosha. Kwenye tangazo la msimu uliofuata nimemwona mtoto wa buba, mguu mbele, uso mzima unaonekana. Nimewaandikia, wamenishukuru kwa maoni.

Sasa nimsifu mtu ambaye hamkutarajia. Tulikuwa na mzee mstaafu, fundi wa mafriji, aliyechukuliwa kama msaidizi wa mpishi. Zahanati ya Sista ilikuwa na friji la chanjo la sola, limekufa miezi. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo siku ya kuchanja zilikuwa zinasafirishwa na boti ndani ya kiboksi cha barafu kutoka kwingine, bahari ikichafuka hakuna chanjo. Mzee akalala kifudifudi nyuma ya lile friji na tochi mdomoni. Betri nzima. Paneli nzima. Tatizo ni kiungo cha waya juu ya paa kilicholiwa na kutu ya chumvi, kijani kama jani. Akakikata, akakikwangua, akakichomea upya, akakipaka grisi, akakifunga. Nusu siku. Kisha akamwonyesha kijana wa kijijini namna ya kukikagua, akampa na mkebe wa grisi. Jioni kipimajoto kilisoma nyuzi 5, Sista akapiga kigelegele. Wana kigelegele chao, tofauti na chetu, lakini nilikielewa. Desemba 2018 kisiwa cha Erromango, kusini mwa nchi hiyohiyo, kilipelekewa chanjo kwa droni na habari ikazunguka dunia; mwaka huohuo kwetu droni za dawa zilikuwa zinajaribiwa kwenda Ukerewe. Grisi haina mwandishi wa habari.

Tulipong'oa nanga watoto walitusindikiza kwa ngalawa zao. Zina tengo moja, ule mti wa pembeni, upande mmoja tu, zetu zina mawili. Niliwaonyesha picha ya ngalawa ya Mafia kwenye simu, kijana mmoja akaitazama sana, akasema yetu ni ya waoga.

Oktoba, wiki kama tisa baada ya sisi kuondoka, kabla hata msimu wa vimbunga haujafunguliwa, kimbunga Lola kikapiga Pentecost. Siku nyingi bila mtandao. Ujumbe wa Sista ulipoingia ulikuwa mfupi: wote hai, paa la chumba cha kujifungulia limeondoka, friji lipo, rejesta ipo kwenye ile ndoo ya miwani yenye mfuniko. Akaomba karatasi za kliniki ya wajawazito na misumari ya bati. Nikalipeleka ombi ofisini kwa shirika, nikajibiwa kwamba wao hushughulika na tiba. Misumari tulichangishana wauguzi saba wa Brisbane, Watanzania watatu na Wakenya wanne, ikapanda meli ya mizigo kutoka Port Vila, mji mkuu wao. Sijui kama inahesabiwa kwenye ripoti yoyote.

Nyota: miwani tano, meno nne, mashua na nahodha nne, presha na kisukari moja, namna wanavyomtumia nesi mwenyeji moja na hiyo naitoa kwa shingo upande. Nimejumlisha nikaongeza kidogo kwa ajili ya mzee wa friji.

Ukiwa fundi wa meno, macho, au chochote chenye waya, nenda. Ukiwa mkunga, nenda, lakini beba kile kipembe chako cha kusikilizia mapigo ya mtoto, kwa sababu mashine yao ya betri ilikufa siku ya nne na changu ndicho kilichomaliza safari. Ukiwa daktari wa jumla, waandikie kwanza waulize orodha ya dawa za zahanati mnayokwenda; wakishindwa kukujibu, hela yako tafutia kazi nyingine. Daftari la karatasi na kalamu tatu. Dira moja la ziada, la kuacha. Na dawa ya kichefuchefu beba yako mwenyewe, ya mashua iliisha usiku wa kwanza, kabla hatujakipita kisiwa cha Ambae.